Mkono Wako Kwenye Mapipa ya Maji

Baba Kulwa,

Huku Samuye tumeamka. Watoto wazima, mama yako anakohoa lakini anakula, na mahindi ya upande wa bondeni yamenyauka. Hayo ndiyo ya kuulizana hali, tuyamalize.

Barua hii sikuitia kwenye bahasha. Nimemkabidhi dereva wa lori ikiwa imekunjwa tu, nikamwomba akifika huko machimboni aibandike kwenye banda la chai, anayejua kusoma awasomee wenzake. Salamu za siri nimeshakutumia na jibu sikupata. Safari hii na wakusikie wote, hata wanaokuja kununua maandazi. Usidhani nina hasira. Hasira ningeipata ningeshukuru. Nilicho nacho ni ganzi, ile ya mguu uliokaliwa muda mrefu, na mpaka leo haijaanza kuchoma.

Ninachokitaka nakitaja mapema usije ukachoka kusikiliza: mimi hapa kwenu si mjane wala si mke, na mtu wa kunitoa hapo katikati ni wewe peke yako. Lakini kwanza kumbuka pamoja nami, kwa sababu nikianza na madai utadhani unaandikiwa na mtu mwingine.

Unakumbuka siku uliyoniita mara ya kwanza? Nilikuwa nafagia vumbi la pamba kule kiwandani mjini, nyuma ya mashine ya kufungia marobota. Wewe ulikuwa umekaa juu ya robota lililopasuka, bati umelilaza kwenye kigogo, tindo mkono mmoja na nyundo mkono wa pili, ukikata herufi za kupigia alama marobota. Ulikuwa na pamba kwenye nyusi. Ukasema, "Dada, hebu nishikie hapa." Nikakujibu kwamba mimi kazi yangu ni kufagia. Ukasema, "Ufagio haukimbii."

Nikashika. Ukakata O, ukaliinua bati nilione, na kile kipande cha katikati kikadondoka miguuni kwangu. Ukacheka peke yako. "Umeona? Herufi ukiikata yote, tumbo linaanguka." Ukakata nyingine, safari hii ukiacha vijipande viwili vya bati, juu na chini, vikilishika lile tumbo lisidondoke. Ukaniambia hivyo vinaitwa madaraja, na kwamba herufi yoyote yenye tumbo haiwezi kuishi bila daraja: A, B, D, O, P, R. Mimi nilikuwa nimefika darasa la nne. Herufi zote nilikuwa nazijua, ila sikuwahi kujua kwamba zina matumbo.

Tangu siku hiyo ufagio wangu ulikuwa unaegemea ukuta kila ulipohitaji mtu wa kukushikia bati. Kazi ile ni ya watu wawili, hilo nilijifunza haraka. Mmoja analikandamiza bati kwenye robota kwa viganja, vidole gumba vikiwa pembeni mwa herufi, na mwingine anagonga kwa brashi iliyokauka karibu yote. Anagonga, hapaki. Ukipaka, rangi inapenya chini ya bati na herufi inaota ndevu. Anayeshika akitikisika hata kidogo, herufi inatoka mbili mbili na robota linageuzwa upande wa pili huku msimamizi akifoka. Mimi sikutikisika. Ulinisifia mbele ya wapagazi wote, ukasema mikono yangu imetulia kuliko meza. Msichana gani anafurahi kufananishwa na meza? Mimi nilifurahi.

Ulikuwa na maneno mengi kuhusu zile herufi, na mengine nayakumbuka kuliko sala. Ulisema gunia linakunywa rangi, kwa hiyo herufi ya gunia lazima iwe nene, yenye mabega, na madaraja yake yawe mapana, la sivyo rangi inayafunika na mtu hajui kama anasoma B au nane. Chuma hakinywi rangi, kinaitema, kwa hiyo herufi ya pipa inaweza kuwa nyembamba zaidi, mradi brashi iwe kavu. Ulisema herufi za vitabu zimevaa viatu vyenye visigino, zinapendeza mtu akiwa amekaa. Zako zilitakiwa zisomwe na mtu aliye juu ya behewa, jua la saa saba likimpiga usoni, jasho liko machoni na karani anamwita. Kwa hiyo ukazivua viatu, ukazinyoosha, ukazinenepesha. Kwenye S uliweka daraja moja tu, katikati ya mgongo, na ukasema ukiweka la pili inakuwa nyoka aliyekatwakatwa.

Halafu kuna lile la mshazari. Madaraja yako ya mwanzo yalikuwa yamesimama wima, na kila tulipofuta bati kwa kitambaa chenye mafuta ya taa yalikuwa yanapinda, halafu yanakatika. Ulikata R hiyo hiyo tena na tena msimu mmoja. Mimi ndiye niliyekuambia uyalaze, kama ule mti wa mshazari kwenye lango la zizi la baba, unaozuia lango lisilegee. Ukachukua chaki, ukachora O ukailazia madaraja, ukaitazama kwa mbali, ukasogea, ukaitazama tena. Ukaniita mama kwa Kisukuma, ukasema, "Mayu, hii ni yetu sisi wawili." Ulikuwa bado hujaja kwa baba yangu kuzungumza habari za ng'ombe, lakini mimi siku hiyo niliolewa.

Baada ya hapo tulienea. Sijui nisemeje vinginevyo. Nilikuwa nikisafiri kwenda kumwona shangazi naona mlango wa behewa stesheni una mkono wetu. Mizani ya chama cha ushirika, trela la trekta, madawati ya shule ya misheni, mapipa ya dizeli, masanduku ya baruti yaliyokuwa yanapelekwa migodini na yale maneno yako mekundu ya HATARI. Mwaka ule watu walipohamishwa wakajengewa kwa mistari, ulipita mlango kwa mlango na bati la nambari, mimi nyuma yako nimebeba kopo la rangi, tumbo la mapacha limenitangulia. Kila nyumba ilipata nambari yenye daraja la mshazari. Bibi mmoja alikataa, akasema nyumba yake si ng'ombe ya kupigwa chapa. Ukamwamkia shikamoo, ukamwomba maji ya kunywa, ukakaa mpaka akakuuliza mwenyewe nambari yake itakuwa ngapi.

Na Kulwa na Doto walipozaliwa, kabla kitovu hakijadondoka, ulichukua debe langu la maji ukalipiga ubavuni: MAMA KULWA. Wanawake wa kisimani walinicheka, wakasema mume wangu anaogopa nitaibiwa. Debe hilo lilivuja zamani. Nalitumia kupandia mchicha.

Sasa nifike mahali ambapo wewe na mimi hatujawahi kufika kwa maneno.

Wanaosikia barua hii na si Wasukuma wajue kwamba kwetu mtoto anayewafuata mapacha hachaguliwi jina. Jina lake lipo tayari linamsubiri. Anaitwa Shija. Mama anapewa mapacha, halafu anapewa Shija, ndivyo tumbo lake linavyohesabiwa. Shija wetu alikuwa msichana. Alikuwa ameanza kusimama kwa kushikilia ukingo wa kitanda, na alikuwa na tabia ya kukaa juu ya mabati yako yaliyopoa na kupitisha kidole kwenye matundu ya herufi. Ulimwacha, ingawa kingo zilikuwa kali. Ulizisugua zote kwa tupa kwa ajili yake, na msasa juu. Homa ikamchukua kati ya asubuhi na jioni. Hospitali tulifika, dawa haikuwepo, na hakuna aliyetufokea wala kutudanganya. Haikuwepo tu, kama ambavyo sabuni haikuwepo na sukari haikuwepo.

Hukulia mbele yangu. Mimi sikulia mbele yako. Tuligawana nyumba ile ile kama wapangaji. Kiwandani rangi ikaisha, vipuri vikakosekana, marobota yakawa yanaandikwa kwa mkaa, na wewe ukawa unakwenda kazini kukaa. Siku moja ukasema watu wanatoka upande wa Geita na dhahabu imefungwa kwenye pindo la nguo. Ukasema utakwenda, uchimbe kidogo, urudi na mabati mapya. Nilikufungia viazi vilivyokaushwa. Zana ulichukua, tindo, nyundo na tupa. Mabati yote ya herufi uliyaacha, nikayasukumia chini ya kitanda changu.

Miaka ya mwanzo ulituma salamu. Halafu salamu zikakatika, mvua ikanyesha, tukavuna, ikanyesha tena. Ndipo akaja kijana mmoja kutoka huko akasema duara limeporomoka, yaani shimo la kuchimbia, na miongoni mwa waliobaki chini alikuwemo fundi mmoja wa Shinyanga. Hakujua jina. Huko, alisema, watu hawaulizani majina. Mama yako alianguka chini pale pale. Mimi niliuliza kama kijana amekula.

Tulikulilia, Baba Kulwa. Tuseme walikulilia. Walininyoa nywele, wakanivisha kaniki, wakanikalisha kwenye mkeka, na wanawake wakanizunguka wakingoja nianze. Sikuanza. Nilihisi njaa, nikaona haya kuisema. Shangazi yako alinong'ona kwamba nina moyo wa jiwe, mama yako akamkemea, akasema huyu amekwenda mbali, mwacheni atarudi. Mama yako ananijua kuliko wewe.

Wazee wakapanga kwamba baada ya mavuno, mtama ukipatikana wa pombe, msiba utaondolewa rasmi, na siku hiyo hiyo nitakabidhiwa kwa mdogo wako Masanja. Ndiyo desturi, wala hakuna aliyekusudia ubaya. Masanja mwenyewe akawa ananikwepa kwenye njia ya kisimani. Alikuwa na mchumba wake, na mimi nilikuwa nikimfuta kamasi akiwa mdogo. Siku moja alisimama mbali akaniambia, "Shemeji, mimi sikuomba." Nikamwambia, "Najua, baba. Na mimi sikuomba." Tukaachana pale, kila mtu na ndoo yake.

Kaburi halikuwepo, ila wazee walitaka ubao wa kusimamisha nyuma ya nyumba. Masanja alichonga, akauegemeza ukutani kwangu, na mama yako akasema jina lako lisiandikwe kwa mkaa, liandikwe kwa herufi zako mwenyewe. Nikayatoa mabati chini ya kitanda, nikayafuta vumbi, nikaazima rangi nyeupe kwa fundi baiskeli. Rangi ilikuwa kidogo na nzito. Nikasema nitaandika kesho.

Hiyo kesho ndiyo lori lilipopasukiwa tairi barabarani, karibu na kwetu. Lilikuwa linatoka upande wa Kahama na mapipa matupu. Wanawake tulikwenda kuuza karanga kwa utingo, kama tunavyofanya lori lolote likikwama. Nilisimama ubavuni mwa lori na sinia kichwani, na mbele ya macho yangu kulikuwa na pipa limeandikwa MAJI YA KUNYWA. Herufi nyembamba, za chuma. Madaraja kwenye A yamelazwa.

Niliweka sinia chini. Nikagusa herufi, na rangi ikanibaki kidoleni.

Nilijua mambo mawili kwa wakati mmoja. Mabati yako yote yalikuwa kwangu, kwa hiyo hili lilikuwa limekatwa upya huko. Na rangi mbichi haipigwi na mtu aliye chini ya duara tangu mwaka jana. Nikamuuliza dereva nani kaandika. Akasema ni machimbo ya mbele ya Ushirombo, huko maji yanauzwa na mapipa yanaibwa, kwa hiyo kila mwenye duara anatia alama yake. "Kuna fundi pale, mama. Ana mkono mzuri." Nikamwambia ndiyo, ana mkono mzuri. Nikamuuliza anarudi lini.

Nyumbani nilisema tu kwamba naenda kuhakikisha. Mama yako hakuuliza nahakikisha nini. Alinipa shuka lake la kujifunika njiani, na Masanja akasema atabaki na watoto.

Sikumbuki sana ile safari. Nilikaa juu ya magunia, vumbi likaniingia mpaka ndani ya masikio, na Ushirombo mama mmoja aliyekuwa ametoka kanisani akanipa uji bila kuniuliza chochote, kwa sababu ya kaniki. Kuelekea machimboni nilianza kuuona mkono wako kila mahali. Kwenye mapipa, kwenye mlango wa duka la dawa, kwenye makarai, kwenye kibao cha kinyozi. Watu walikuwa wananipisha njia wakiniita mama mfiwa. Nilitembea katikati ya maandishi yako nikiwa nimekuvalia nyeusi.

Kabla sijakuona wewe, niliona debe. Lilikuwa limewekwa kivulini mlangoni mwa kibanda cha turubai, limejaa maji, limefunikwa kwa sahani. Ubavuni lilikuwa limepigwa MAMA SHIJA.

Nimejaribu kukumbuka nilihisi nini pale, ili nikuandikie kwa haki. Sikuhisi kitu. Nilifikiri tu kwamba rangi imegongwa vizuri, haina ndevu. Ningekuwa na akili zangu ningelivunja lile debe. Nililizunguka nisije nikalimwaga.

Nyuma ya kibanda ulikuwa umeinama juu ya pipa unagonga brashi. Na kulikuwa na mwanamke amekushikia bati. Viganja vimekandamiza, vidole gumba pembeni mwa herufi. Hakutikisika. Ulikuwa umemfundisha vizuri. Niwaambie wanaosikiliza kwamba mume kuwa na mwanamke mwingine si jambo la kumshtua mtu, nimeliona kwa baba yangu mzazi na tulikula chungu kimoja. Kilichonisimamisha ni vile vidole.

Ukainua kichwa. Ukaniona na kichwa changu kilichonyolewa, ukaona kaniki, na Baba Kulwa, rangi ikakutoka usoni, ukauliza, "Mama Kulwa, umefiwa na nani?"

Nikakujibu, "Na wewe."

Yule mwanamke aliliachia bati. Hakujua, niliona usoni kwamba hakujua, na simlaumu, asikie hilo vizuri kama yupo hapo kwenye banda la chai. Alinikaribisha, akanipa kigoda. Wewe ulikuwa umesimama na brashi inadondosha. Ukasema ulikuwa unakuja. Ukasema mambo hayakwenda, shimo halikutoa kitu, ukaona aibu kurudi mikono mitupu, na siku zikajipeleka. Aliyeporomokewa alikuwa fundi mwingine, seremala. Hayo yote nilikuwa nimeyakisia juu ya magunia. Nilikuuliza jambo moja tu, kuhusu lile jina.

Ukakaa chini kwenye kifusi. Ukasema, "Sikutaka lipotee."

Ningetaka uniamini ninapokuandikia kwamba nilikuelewa. Niliona kwamba miaka yote ile ulikuwa unalia, na mimi nilidhani ulikuwa unakaa kimya tu. Lakini jina lile, Baba Kulwa, halikuwa lako kulichukua. Yule mwanamke hakuzaa mapacha. Kabla ya mtoto wake hakuna Kulwa wala Doto. Mtu akimuuliza yule mtoto kwa nini anaitwa Shija, atalazimika kunitaja mimi, na mimi hanijui. Ulipata mtoto kwa mwanamke mwingine ukamhesabu kwenye tumbo langu.

Halafu mwenyewe akatoka kibandani, anasugua macho, amevaa shati lako limemfika miguuni. Akaniona mgeni, akaja, akainamisha kichwa, akasema shikamoo. Nikamwitikia, "Marahaba, Shija." Mdomo wangu ulilitamka vizuri. Ulikuwa haujalitamka tangu siku ya homa.

Sikulala kwenu. Lori lilikuwa linaondoka, nikapanda.

Nyumbani ningeweza kusema lolote. Njia nzima nilikuwa nalipima. Nikisema umekufa, nakabidhiwa kwa Masanja na mchumba wake analia. Nikisema upo, nabaki mke wa mtu anayeshikiwa bati na mwingine. Nilipofika mama yako alikuwa anapepeta mtama wa pombe ya msiba wako. Aliuacha ungo ukashuka wenyewe mikononi. Akasema, "Mayu?" Nikamwambia, "Yupo. Mzima. Amenenepa kidogo."

Ungemwona. Kikohozi kilimwachia. Alipiga vigelegele, akaita majirani, "Wabeja Mulungu! Asante Mungu! Mwanangu yu hai!" Wakaja wakacheza pale pale uani, na Masanja akacheza kuliko wote, masikini. Kulwa alirukaruka na wenzake. Doto peke yake alikuja kunishika mkono akauliza, "Mbona baba hakuja na wewe?" Pombe ilipikwa hivyo hivyo na ikanywewa kwa furaha. Mimi nilivua kaniki nikaifua. Ule ubao nimeukata, sasa ni kifuniko cha mtungi, na ni mgumu, Masanja alichagua mti mzuri.

Ngoma ilipokwisha nikawaambia wazee yaliyobaki: kibanda, mwanamke, mtoto na jina lake. Walisikitika kweli. Mzee mmoja alitema mate pembeni iliposemwa habari ya jina. Lakini uamuzi wao ni ule ule unaoujua. Mume yu hai, ng'ombe walitolewa, kwa hiyo mimi ni mke wako. Nikiondoka mwenyewe, kaka yangu anadaiwa ng'ombe wale, na unajua zizi la kaka lilivyo baada ya ule ukame. Ila wewe ukija ukasema mbele yao kwamba ni wewe uliyeniacha, hakuna kinachorudishwa na mimi natoka nikiwa mtu huru. Hawataki ujumbe, wala salamu za dereva. Wanataka mdomo wako na uso wako.

Nikitoka sendi mbali. Kiwandani rangi imeanza kupatikana, na kijana waliyemweka mahali pako anayajaza madaraja kwa brashi ili herufi zionekane nzima, halafu anashangaa zinakuwa madoa. Nilikwenda na mabati yetu. Msimamizi ameniambia nikate mawili ya kujaribu. Tindo linaniumiza kiganja na madaraja yangu bado hayalingani, ila yanashika. Mama yako nitamhudumia huko huko nitakakokuwa, ameshasema atanifuata, na mimi sina ubavu wa kumkatalia.

Kwa hiyo njoo. Usije kwa ajili yangu, njoo kwa mama yako, amekusubiri akiwa amekulilia tayari. Njoo mchana watu wakiwa wapo. Kaa mbele ya wazee, sema umeniacha, lisikike. Sitakutukana, na sitalia. Kama nitalia baadaye hilo ni langu. Siku hiyo sitakupikia. Utakula kwa mama yako.

Mtoto njoo naye. Yeye nitampikia.

Ni mimi,
Mama Kulwa